Ukumbi Uliofika Lenta

Miaka ile ya ruksa, kazi yangu ilikuwa utamaduni. Nilikuwa na meza moja, taipu moja, na upande wote wa Mtinko wa kuzungukia kwa baiskeli. Serikali ilikuwa inajitoa kwenye maduka na viwanda, ila kwenye majengo utaratibu ulibaki ule ule: wananchi wapandishe kuta kwa nguvu zao mpaka usawa wa lenta, pale juu ya milango na madirisha, ndipo fedha za maendeleo zije kumalizia kwa mbao na mabati. Niliuamini utaratibu huo kuliko nilivyouamini mshahara wangu.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliuamini kwa sababu nilimwambia mimi. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma kijijini kwake, akina mama watupu, na shida yake ilikuwa moja. Mvua zikianza, ngozi za ngoma hulowa zikakataa kulia, na mazoezi hufa mpaka baada ya mavuno. Alitaka paa. Wakafyatua tofali kiangazi chote, maji wakiyachota mbali, na kabla mawingu hayajakusanyika kuta zilikuwa zimefika lenta. Zilikuwa tofali mbichi, na tofali mbichi bila paa hazina maisha. Hilo nililiandika kwenye ombi na kulipigia mstari.

Mkaguzi alikuja kutoka juu, kwa gari la serikali. Ratiba niliipanga mimi: ngoma kwanza, kuta baadaye. Nimelelewa kwa mgeni njoo, mwenyeji apone, sikujua namna nyingine ya kupokea mtu. Akina mama walimpokea uwanjani mbele ya kuta, na sijawahi kuwaona wakicheza vile. Mama mdogo aliipiga ngoma kubwa mpaka mkaguzi akavua koti akaingia katikati. Baadaye alikula kuku, akazizunguka kuta mara moja, akaniambia tumemfurahisha mno. Nikirudi na baiskeli yangu, kichwani nilikuwa nimeshaezeka.

Barua ilifika baada ya wiki chache. "Kikundi kinafanya vizuri sana katika eneo la wazi. Ukumbi si hitaji la haraka." Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika hadi chakula cha mchana kikanishinda. Niliwasomea akina mama. Mama mdogo ndiye aliyeuliza, wala hakuwa anatania:

"Kwa hiyo tungecheza vibaya?"

Walifunika vichwa vya kuta kwa nyasi, kuta zikavuka msimu ule kwa shida. Mwaka uliofuata nikaandika ombi tena, na mkaguzi mwingine akapangwa kuja. Safari hii nilijitia ujanja. Nilikwenda kwa Mama mdogo siku moja kabla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

Nikamwambia kesho wasicheze. Wakae tu, mgeni aone kwa macho yake kwamba hawana pa kuchezea.

"Mgeni aje, sisi tumtazame?"

"Mtazameni, mama. Bati litapatikana kwa njia hiyo."

Alinikubalia, na mpaka leo natamani angenifukuza. Kesho yake walikaa chini mbele ya kuta, miguu wameinyoosha, ngoma zimelazwa pembeni. Mama mdogo alificha mikono ndani ya kanga. Mkaguzi, mtu mpole, alisubiri, akatazama saa, akatazama kuta, akaandika. Nilijaribu kumweleza habari za mvua na ngozi, akaitikia kwa kichwa.

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. "Mwamko wa sanaa haukuonekana. Fedha zielekezwe kwingine."

Ile nilishindwa kuwasomea. Nilimpa mwenyekiti wa kijiji awasomee yeye, nikajificha ofisini.

Mvua zikala ukuta wa upande wa magharibi. Mwishoni mwa kiangazi kilichofuata, mnunuzi wa alizeti, mmoja wa wale walioletwa na soko huria, aliwaomba viongozi wa kijiji kuta zilizobaki. Akajenga upya upande ulioanguka na kuezeka ndani ya wiki moja. Hakukaguliwa na mtu. Siku ya kufungua ghala lake aliomba ngoma, nami nikadhani Mama mdogo atakataa.

Alikuja na wenzake wote. Walicheza nje, mlangoni, magunia yakiwa ndani. Walicheza kama siku ile ya kwanza. Katikati manyunyu yakaanza, wakakimbilia kwenye ukingo wa paa, na Mama mdogo akaja kusimama karibu yangu, akiifuta ngozi ya ngoma kwa pindo la kanga. Akatazama juu kwa muda.

"Bati zuri, mwanangu," akasema. "Halivuji."

Nikamjibu ndiyo, mama, halivuji.