Yesu Amepangiwa Maombi ya Mwisho

Katika hoteli moja hapa Kitale, mchungaji na mkewe waliketi meza ya pili kutoka yangu, wakiandaa mahubiri kwa sababu Jumapili mbunge angetembelea kanisa.

“Nitahubiri Daudi na Goliathi,” mchungaji alisema. “Daudi ni mheshimiwa. Goliathi ni yule mpinzani wake wa Saboti.”

Mkewe alikoroga chai polepole. “Na Yesu, Baba Pasta?”

“Si atakuja kwa maombi ya mwisho?”

Jumapili nilihudhuria, nisije nikakosa ujio huo. Goliathi alianguka vizuri sana. Kisha mchungaji, kwa heshima zote, akamwomba mheshimiwa atufungie kwa maombi. Mheshimiwa akafumba macho, akajiombea kura, akasema amina.

Yesu bado tunamngoja.