Sindano ya Maksai wa Mama Boazi

Eliakim wa Hasamba ana maksai mmoja tu, jina lake Waziri, na maksai mmoja ni kama kiatu cha mguu mmoja. Ndiyo maana kwa misimu mitatu amekuwa akimfunga nira pamoja na Chapakazi, maksai wa jirani yake Jenista, Mama Boazi, mjane wa rafiki yake. Wanalima shamba la huyu, wakimaliza wanahamia la yule. Mwaka huu zamu ya kutangulia ilikuwa ya Eliakim.

Mvua za Novemba zilipoanza, Chapakazi akaanza kuchechemea. Goti la mbele lilikuwa limevimba, na ukiligusa lina moto. Eliakim hakumwambia mwenye ng'ombe. Alikwenda Vwawa, kwenye duka la dawa za mifugo, akanunua dawa ya sindano ya kutuliza maumivu na uvimbe. Muuzaji, Judith, alimweleza bila kuficha.

"Baba, hii inaondoa maumivu, haimfanyi awe mzima. Mpumzishe angalau wiki. Na nyama yake isiliwe mpaka zipite siku kumi na tano."

Eliakim aliitikia kwa kichwa, kama muumini anayesikiliza mahubiri huku akiwaza ugali.

Akamdunga. Kesho yake Chapakazi alitembea vizuri, akainamisha shingo mwenyewe kuipokea nira. Hapo mtu mwenye haya angemrudisha zizini. Eliakim akashika plau. Alijiambia mvua haimsubiri mtu, alijiambia ng'ombe mwenyewe ametaka, alijiambia mengi. Akamdunga tena siku ya pili, na ya tatu. Mnyama asiyesikia maumivu angejuaje kwamba anaumia? Alivuta kwa moyo wake wote, na mfuo wa mwisho wa shamba la Eliakim ulipokamilika, goti likaachia, akaanguka na nira shingoni.

Shamba la Jenista lilikuwa bado majani matupu.

"Amejikwaa, shemeji," Eliakim alisema.

"Usijilaumu," Jenista alimjibu. "Nimeona ulivyokaa naye juani mpaka jioni. Ndugu yangu wa damu asingefanya hivyo."

Eliakim aliondoka na maneno hayo. Siku mbili hakula vizuri. Ya tatu akasikia kwamba Chapakazi hasimami tena, Mama Boazi ameamua kumchinja Jumamosi, auze nyama apate mbegu na mtu wa kumlimia. Majirani wameshaagiza kilo zao. Jenista mwenyewe alipita kumwambia, akitabasamu kwa shida: "Maini nimekuwekea wewe, shemeji. Usilete hela."

Akinyamaza, watu wazima na watoto watakula dawa. Akisema, mjane atakosa hata nyama, kwani ng'ombe asiyesimama hawezi kufikisha siku kumi na tano. Kwa kweli alitamani kunyamaza, na alijichukia kwa kutamani hivyo.

Jumamosi asubuhi alifika visu vikinolewa, watu wamesimama na mabeseni.

"Shemeji, asichinjwe. Nyama yake ina dawa." Akaeleza yote: uvimbe, Vwawa, sindano tatu, maneno ya muuzaji. Mzee mmoja akatema mate chini. Mabeseni yakaanza kurudi nyumbani moja moja.

Jenista alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Kwa hiyo ulijua ni mgonjwa," alisema, "na ukamaliza la kwako."

"Nilijua. Nisamehe. Mchukue Waziri, shemeji. Kuanzia leo ni wako."

Jenista alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema.

"Waziri atalima na nani, Eliakim?"

Hakumwita shemeji. Aliinuka, akachukua jembe la mkono ukutani, akaelekea shambani peke yake.