Plasta Niliyopaka Juu ya Koki

Mwanangu, hadi leo nikisikia birika likifoka mvuke ghafla, nakimbilia kuzima jiko. Ngoja nikueleze kwa nini, maana na wewe umeanza kazi ya ufundi.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini nilikuwa fundi kijana wa plasta, natokea kijiji cha Endamarariek. Shamba moja la kahawa karibu na Karatu lilinichukua niyavike mabomba ya mvuke yaliyopeleka joto kwenye chumba cha kukaushia kahawa, joto lisipotee njiani. Nikakanda udongo, majivu na majani makavu, nikapaka, nikasugua mpaka yakang'aa. Mzee Tluway, fundi wa boila, aliniambia, "Kwenye koki na viungo usipake, bwana. Weka kitu cha kuvulika." Nikaitikia, kisha nikapaka palepale. Niliona mapengo yangeniharibia kazi. Ujinga wa ujana huo.

Wiki chache baadaye, asubuhi, kiungo cha bomba kikaachia mlangoni mwa chumba kile. Mvuke ukaziba njia, na ndani alikuwemo Bura, rafiki yangu. Nikakimbilia koki kubwa ya kufungia mvuke. Haikuzunguka hata kidogo. Plasta yangu ilikuwa imeikaba shingo. Nikaigonga kwa nyundo, mikono inaungua, huku namsikia Bura akiita jina langu. Kisha akanyamaza. Mwanangu, ukimya ule sikuombei.

Koki ilipokubali kufunga, tulimkuta Bura kalala kifudifudi, kajifunika gunia kichwani. Alikuwa mzima, lakini bega lilibabuka lote.

Mzee Tluway hakupiga kelele. "Umemvika mgonjwa shati, ukalishonea mwilini," alisema. "Daktari atamgusa wapi?"

Tukashona mito ya turubai, tukaijaza pamba ya mawe isiyoshika moto, tukaifunga kwenye koki na viungo kwa ndoano na waya. Mzee aliipima kwa namna yake: niuvue mto kabla hajamaliza kuwataja watoto wake tisa. Mara ya kwanza alimaliza watoto, akaingia kwa wajukuu.

Bura hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo ukifunika kitu, jiulize nani atakuja kukifunua, na atakuwa na haraka gani. Mwachie pa kushika. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na mwenzako asije akaungua kwa sababu wewe ulitaka kazi yako ipendeze.