Rangi ya Nyumba ya Mchangani

Baba yangu hakuwa mjinga. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Rumonge waliotuona tukikaa ndani ya maji, tukipikia juu ya meza, walisema mengi, na wengine bado wanasema nikipita sokoni. Alikuwa fundi wa mitumbwi. Alivuka kutoka ng'ambo, Kivu ya Kusini, akiwa kijana mwenye randa moja na mke mmoja, akajenga nyumba ya matofali mabichi pale pwani, juu ya mchanga mtupu, hatua kama arobaini kutoka ziwani. Nilizaliwa humo. Ziwa nililijua kama jirani mwenye kelele, basi.

Alikuwa pia mzee wa kanisa, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Kanisa letu lilikuwa la Wakongomani wa pale pwani, mabati juu na mchanga chini. Kila Alhamisi saa tisa mchana wazee walikaa kusoma, na kwa kila aya waliulizana swali moja tu: "Hii iko neno ao iko mfano?" Neno maana yake ilikuwa: fanya vile vile ilivyoandikwa, usiongeze, usipunguze. Mfano maana yake: Bwana alikuwa anasemea moyo, kwa hiyo tulia. Wakishakubaliana, aya ya neno ilipigwa mstari wa bluu, na ya mfano mstari mwekundu. Desturi hiyo aliileta baba mwenyewe. Nadhani aliitoa kwenye ufundi wake, maana mbao pia alizichora hivyo, ya kukata alama yake na ya kuacha alama yake.

Macho yake yalikuwa mabovu tayari, moshi wa lami ya kuzibia mitumbwi ulikuwa umeyamaliza, na wazee wengine walisoma kwa kukokota. Kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Nami ni mwanamke. Basi siku tuliyofika kwenye ile aya ya wanawake kunyamaza kanisani, niliisoma kwa sauti mbele ya wanaume sita, wakatazamana. "Neno," wakasema, "bluu." Halafu mmoja akakohoa: "Lakini kusoma siyo kusema." Wote wakaitikia amina, nikapiga mstari wa bluu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaendelea kusoma. Nilipomsimulia mama nilicheka hadi machozi. Yeye hakucheka. "Wanakutumia kama mwiko," alisema, akarudi kuanika ndagala zake, dagaa wa ziwani.

Niliijua mapema njia ya zile kalamu. Mwanamke afunike kichwa: bluu. Mwanaume asikate pembe za ndevu: nyekundu, maana wote sita walikuwa wamenyoa. Mgonjwa apakwe mafuta: bluu, na huku kwetu mawese hayajawahi kukosekana. Divai kidogo kwa ajili ya tumbo: nyekundu kabla sijamaliza sentensi. Kusalimiana kwa busu takatifu: "Aka! Na bibi za watu?" Nyekundu. Uza vyote uwape maskini: mzee mmoja akaitazama baiskeli yake iliyoegemea ukuta, na mfano ukapita bila mjadala. Sisemi walikuwa waongo. Walifunga, waliomba, walilia kweli. Ila aya iliyombana mtu mwingine ilikuwa neno, na iliyotubana sisi ilikuwa mfano. Nami niliwacheka moyoni, nikijiona mwerevu sana.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Msimu wa kwanza wa mvua lilikula mahali mama alipoanikia ndagala. Msimu uliofuata likachukua choo cha jirani. Jirani huyo alikuwa Mswahili wa hapa hapa, Mwislamu, fundi wa nyavu, babu yake kazikwa Rumonge. Hakungoja. Aling'oa mabati yake akahamia juu, upande wa Gatete, na siku ya kuondoka akasimama mbele ya baba aliyekuwa akiziba mtumbwi wa mtu.

"Nuhu," akamtania, "wa kwako utautengeneza lini?"

Baba akacheka, akamjibu kwamba Mungu alimwahidi Nuhu hataleta gharika tena, na upinde uko juu pale mpaka leo. Aya hiyo kwetu ilikuwa ya bluu, tena mistari miwili. Jirani akaacha utani. "Mzee, mukataa pema pabaya panamuita," akasema, akaondoka na kitanda chake kichwani.

Watu wa zone, serikali ya pale kwetu, nao wakaja, wakachora msalaba wa rangi nyekundu ukutani mwetu, maana yake mhame. Si kwamba hatukuwa na pa kwenda. Mama mmoja wa kanisa alikuwa ametupatia chumba huko juu, Kizuka, kwenye shamba lao la michikichi. Mama yangu alitaka twende. Alivifunga vyombo ndani ya kitenge, akavifungua kupikia, akavifunga tena, siku nenda siku rudi. "Miye sijui kusoma," alimwambia baba, "lakini maji nayajua."

Alhamisi moja, kanisani hapaingiliki tena kwa maji, baba akaniita pale mbele ya nyumba. "Mutoto wangu, kuja na kitabu. Soma ile ya watu wawili wenye kujenga."

Nikasoma. Mwenye akili akajenga juu ya mwamba, mpumbavu juu ya mchanga, mvua ikaja, mito ikaja, na nyumba ya yule wa pili ikaanguka, anguko kubwa. Baba alikuwa amekaa juu ya gogo, vidole vya miguu vimezama kwenye mchanga uliolowa.

"Hii hatukuiwekea rangi," akasema.

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo, wazee wa kanisa lililojengwa mchangani walikuwa wameiruka, na msomaji wao hakuwauliza.

"Niko nayo siku tatu," akaendelea, polepole. "Ile ya Nuhu inasema dunia yote haitazama. Haikusema nyumba yangu. Weye unajua kusoma kupita sisi wote. Iko neno ao iko mfano? Ukisema neno, kesho tunaenda Kizuka na mama yako."

Ee Mungu wangu. Alikuwa amenipa mlango wazi, nami nilichotakiwa ni kusema neno.

Kulikuwa na mwanaume. Niseme tu, mtu mzima sifichi. Alikuwa mvuvi aliyefiwa na mke, mtumbwi wake ulilala karibu na kwetu, na kila asubuhi akirudi kutoka ziwani alipita kuniachia ndagala na maneno mawili matatu. Alikuwa amesema watu wake watakuja kuzungumza na baba. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuna mwingine aliyewahi kusema hivyo. Kizuka hakuna ziwa. Nilijua mwanaume yule hangeuacha mtumbwi wake apande kunitafuta kwenye michikichi. Wiki chache tu, nilijiambia, mvua itakatika na maji yatashuka.

"Iko mfano, papa," nikasema. "Bwana alikuwa anasemea moyo."

"Kweli?"

"Kweli."

Alishusha pumzi ndefu. Alikuwa na nyumba yake tena. "Basi weka nyekundu," akasema, nami nikachukua kalamu nyekundu, nikainamia kitabu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alinitazama kitambo, kisha akaingia ndani kufungua vyombo.

Maji hayakushuka. Wiki ya tatu choo chetu kikajaa, kikatapika uani. Kuni zililowa zote, moto ukawa moshi mtupu, na maji tuliyochota pale pale ziwani tuliyachemsha nusu nusu tukayanywa. Mama alianza kuharisha Jumatatu asubuhi. Wazee wakaja, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakampaka mawese kwenye paji la uso, maana ile ilikuwa bluu. Tulimtoa kwa mtumbwi, tukampandisha kwenye baiskeli, tukafika hospitali, na madaktari walifanya walichoweza. Ilikuwa kipindupindu. Jumatano mchana alikuwa amekwisha, amesinyaa, macho yamezama. Siku zote mbili hakuniambia kitu. Ningeshukuru kama angenitukana.

Tulimzika juu, kwenye udongo mkavu. Watu walisema amepumzika. Mimi niliwaza kwamba hapo ndipo mahali pakavu pa kwanza alipolala tangu mvua zianze, nikalia kwa sauti mpaka wanawake wakanishika.

Ukuta wa upande wa ziwa ulianguka wiki ile ile, pamoja na msalaba wake mwekundu. Yule mwanaume alikuwa ameshahamishia mtumbwi wake Muhuta, pwani nyingine. Hakuaga, wala watu wake hawakuja. Sina la kusema juu yake, na hata ndagala zake zilikuwa na mchanga.

Sasa tuko Kizuka, kwenye chumba kile kile ambacho mama alikuwa akifunga vyombo ili tuhamie. Kutoka hapa ziwa halionekani. Baba haoni tena kabisa. Randa yake iko chini ya kitanda, na nani atamletea mtumbwi huku? Nashona nguo za watu barazani, napika, namwogesha. Kanisa tunalokwenda hapa lina sakafu ya saruji, lakini hakuna anayempa baba kiti cha wazee. Mimi siendi kwa ajili ya kuomba. Nimejaribu kuomba. Ninapofumba macho nawaona wale wazee sita na kalamu zao, na najua hata huko juu nitapeleka tu zile aya zinazoniachia nafasi.

Kila Alhamisi saa tisa mchana baba ananiita. Ngozi ya uso wake imelegea, lakini saa hiyo anakaa wima kama zamani.

"Soma ile ya muchanga."

Nasoma. Hadi pale penye anguko kubwa.

"Tuliweka rangi gani?"

"Nyekundu, papa."

"Murakoze," ananishukuru kwa Kirundi, kisha anajinyoosha kitandani na kulala. Ndivyo imekuwa tangu tuhamie. Lakini Alhamisi iliyopita hakulala. Alikaa na mikono juu ya magoti, akasema, "Nauliza kwa sababu kama ilikuwa bluu, basi ni miye nilimuua mama yako."

Ningeweza kumwambia: si wewe, ni mimi. Maneno manne. Nimeyafikisha mdomoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara nameza. Naogopa. Sina mtu mwingine duniani, na akijua, nitamwogesha vipi? Atakubali mkono upi umguse?

"Iko mfano," nikasema. "Lala, papa."

Akaniomba kitabu. Alikipakata mapajani, kurasa zimevimba kwa maji ya nyumba ile, akanyoosha kidole. "Nionyeshe. Ni hapa?"

Nikaushika mkono wake, nikakiweka kidole juu ya ile aya, nikakisogeza kwenye mistari yake mpaka mwisho.

"Ni hapo hapo, papa. Nyekundu."

Pale hapana rangi. Siku ile pwani niliishika kalamu nikaipitisha hewani tu, ili asikie mkono wangu ukienda, kwa sababu nilijua jibu la kweli. Na mama, pale mlangoni na sufuria yake, aliniona.