Kerengende Niliyemwita Padri

Harufu ya mafuta yaliyokaangiwa ndagala bado hunichefua, na kosa si la wale dagaa wetu. Mama aliyatunza mafuta hayo kwenye chupa ya plastiki chini ya sinki, meusi tii, maana kwetu mafuta hayamwagwi mpaka yakatae yenyewe. Tulikuwa tumehamia Garland, huku ughaibuni, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja nyuma, baada ya miaka mingi ya kambi huko Tanzania, ambako wazazi wangu walifika wakikimbia Burundi na mimi nikazaliwa. Wapangaji waliotutangulia walituachia bwawa la plastiki la watoto, la buluu, limejaa maji ya mvua na majani ya mti wa mpekani uliokuwa pale uani. Baba alisema atalitupa. Kwa kusema, Baba alikuwa bingwa. Kazi ya ghala ilimmaliza nguvu, na bwawa likabaki pale hadi majira ya baridi ya 2018.

Watu hudhani baridi ikiingia wadudu wote hufa. Wapi! Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila nikitoka shule nililala kifudifudi pembeni ya lile bwawa, kamasi zinachuruzika, simu ya zamani ya Mama mkononi. Kwenye kamera nilibandika kwa utepe kioo cha miwani ya Baba ya kusomea iliyovunjika, ndipo vitu vidogo vikawa vikubwa. Chini ya majani yaliyooza kulikuwa na konokono wadogo kama punje za mtama, minyoo myekundu, na siku za jua viluwiluwi vya mbu vikining'inia kichwa chini, mkia juu, vikivuta hewa. Na chini yao wote alikaa yeye: mtoto wa kerengende, rangi ya tope, sura mbaya ajabu. Nilimwita Padri, kwa kuwa alitulia kimya mpaka chakula kifike. Hapo mdomo wake wa chini ulichomoka ghafla kama mkono, ukakwapua kiluwiluwi, shughuli ikaisha. Nilicheka peke yangu kila mara. Mwalimu wetu wa sayansi aliniambia kwamba joto likirudi Padri angepanda kwenye kijiti, apasue ngozi ya mgongo na kutoka na mabawa. Watu wengi hawajawahi kuliona jambo hilo, alisema. Nikilipata, picha yangu angeiweka ukutani, nami nikamwahidi kuileta. Basi roho yangu yote ikahamia bwawani. Shuleni sikuwa na rafiki. Walinicheka lafudhi yangu na koti langu la msaada wa kanisa. Nilitaka Padri atoke, nami niwepo.

Picha ndiyo iliyomponza. Jumapili moja tumetoka misa, Mama akiwa na furaha adimu kwa sababu kwenye hoteli ya mji wa Irving, alikosafisha vyumba, walimpa siku ya kupumzika, nikamwonyesha ile niliyojivunia kuliko zote: Padri amekamata kiluwiluwi, nusu yake imekwishaingia mdomoni. Mama aliisogeza simu karibu na macho. Yule Padri, Mama hakumwona hata kidogo.

"Hiki nini?"

"Mtoto wa mbu, Mama. Look, huyu ana-m-eat."

"Unafuga mbu? Nyumbani kwangu?"

Kaka yangu Désiré alikufa kwa malaria kambini kabla sijazaliwa, hata miaka mitatu hajamaliza. Huko watu wa afya walipita na kipaza sauti wakifundisha: maji yaliyotuama mwageni, na shimo lisilomwagika litieni mafuta. Mama alilishika fundisho hilo kama sala, akavuka nalo bahari. Kwamba Garland hatukuwa na malaria, hilo halikumwingia. Aliitoa chupa chini ya sinki akanipa mimi. "Mimina." Nikalia, nikamwambia huyu anawala hao mbu, nikamwambia nime-promise teacher. "Mimina, nimesema!" Nikamimina. Mafuta yakatanda, harufu ya ndagala ikapanda kwenye ule ubaridi, na viluwiluwi vikaanza kujipinda vikitafuta hewa isiyokuwepo. Mama alisimama amekunja mikono, akaangalia hadi cha mwisho, na sijawahi kumwona ametulia vile. Padri peke yake hakufa, maana yeye alivuta pumzi humo humo majini. Nilishindwa kuuficha uso wangu. Mama aliniona nafurahi, akasema, "Pindua." Nikalipindua bwawa zima kwenye nyasi zilizokaushwa na baridi. Padri akatambaa, anang'aa mafuta, anautoa ule mdomo na kuurudisha mtupu. Mama akamkanyaga kwa ndala, akazungusha kisigino taratibu.

"Haya, mpige picha sasa."

Nilimchukia. Nasema wazi, kwa miezi mingi nilimchukia mama yangu, naye alilijua hilo na akaendelea kusonga ugali. Kiangazi kilipofika mbu walitokea kwenye matairi ya jirani, wakatula mchana kweupe.

Sasa naishi Houston, mji wa mbu hasa, nasomea viumbe wa majini, na simu yangu inapiga picha ambazo zamani ningezifia. Kwenye baraza nina beseni la watoto wa kerengende. Nimeshawaona wakitoka, mabawa mabichi yamekunjamana, na kila mara nimekuwa peke yangu. Miaka yote hiyo niliamini Mama aliua kwa kutojua tu, na kwamba siku nitakapoweza kumweleza vizuri kwa Kiswahili, bila kubabaika, nitamshinda. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea, mvi zimemjaa. Nilikuwa nimekwisha kuficha mafuta yote ya jikoni. Aliinama juu ya beseni, nami nikamweleza pole pole kwamba hawa chakula chao ni mbu, wanawala tangu wadogo mpaka wanaporuka. Nikamwonyesha na ile picha ya Padri, ambayo bado ninayo. Safari hii alimwona. Aliishika simu muda mrefu, akapitisha kidole juu yake.

"Kweli hawa wanakula mbu?"

"Kweli, Mama."

"Na kambini walikuwa wapi?"