Kura Moja ya Umeya na Neno Nililomtupia Shija

Nimekosa. Naanza na hilo usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Nimekosa, na aliyelipia kosa langu si mimi.

Majina nimebadilisha na halmashauri siitaji. Jua tu ni huku Mwanza, kwamba niliuza dagaa soko la Mwaloni miaka mingi kabla sijawa diwani, na kwamba nina mdomo. Huo mdomo ndio ulionipa udiwani. Watu wa kata yangu walisema huyu mama haogopi mtu, apelekwe huko akatusemee.

Kuna jambo wengi mtaani hawalijui. Meya hapa kwetu humchagui wewe. Wewe unachagua diwani, halafu sisi madiwani tunajifungia ukumbini tunamchagua meya kati yetu. Na chama chenye madiwani wengi kikishapitisha jina kwenye kikao chake cha ndani, meya amepatikana, mengine ni kukamilisha utaratibu. Kikao chetu kilikuwa na watu kumi na saba. Kumi na saba, jamani, kwa mji mzima! Ingekuwa wananchi wote wanapiga, kura yangu ingepotelea humo kama dagaa mmoja kwenye gunia. Pale ilitosha kugeuza kila kitu.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu Kabula, mwalimu mstaafu, mwanamke aliyenishika mkono tangu siku ya kwanza. Mimi ni wa darasa la saba. Yeye ndiye aliyekaa na mimi akanionyesha namna ya kusoma makabrasha ya vikao. Mwingine alikuwa mfanyabiashara, mtu wa mizaha mingi, na simsemi vibaya kwa sababu hakunifanyia lolote.

Jumapili moja baada ya ibada, Mwalimu alituita nyumbani kwake Nyegezi, watu wanane. Alipika mwenyewe, ugali na sato wa kuchemsha. Tulipomaliza kunawa akaleta Biblia mezani, na Msahafu kwa wawili waliokuwa Waislamu. Kila mmoja akaapa kumpa kura. Sisi wanane na yeye mwenyewe, tisa. Upande wa pili wanabaki wanane.

Niliapa kwa sauti kuliko wote. Shija akacheka, akasema, "Dada, punguza, Mungu si kiziwi!"

Huyo Shija alikuwa diwani mwenzetu, kijana wa miaka arobaini hivi, na alikuwa amemuoa mdogo wake Mwalimu Kabula. Mpole, mcheshi, hana kona. Kumbuka kwamba alikuwa shemeji wa mgombea.

Siku mbili kabla ya kura nilimfuata Mwalimu. Nilitaka uenyekiti wa kamati ya mipango miji. Meya ndiye anayeongoza baraza, na kwenye kupanga kamati neno lake ni zito, kwa hiyo nikasema nijiwekee nafasi mapema.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kamati ile inataka mtu anayesoma kabrasha mpaka mwisho. Wewe unaishia ukurasa wa pili halafu unaanza kupiga kelele."

Ukweli mtupu! Ndiyo maana uliniuma. Nilicheka mbele yake, nikaaga vizuri, nikatoka nje. Mimi? Mimi niliyemfanyia kampeni kwa madiwani wenzangu nyumba kwa nyumba? Haya, tutaona.

Siku ya kikao nilipewa karatasi yangu kama wengine. Nikaiangalia. Nikaweka alama kwa yule mfanyabiashara. Sikupewa kitu na mtu, sikuahidiwa kitu. Ni kinyongo tu. Tena nilidhani Mwalimu angeshinda hata hivyo, kwamba kuna mmoja wa upande wa pili angempa. Nilitaka ashinde kwa shida kidogo, ashike adabu. Ona akili hiyo!

Matokeo yakasomwa. Tisa kwa nane. Mwalimu Kabula kashindwa.

Ukumbi ukalipuka. Yule mshindi na Shija walikuwa watani wa kikabila, na utani wao kila mtu aliujua, walikuwa wakitaniana mpaka misibani. Mshindi akapaza sauti, "Shija, leo utanibebea begi!" Shija, na uchungu wake wote, akajibu kama mtani anavyojibu: "Mtumwa wangu, tangu lini bwana akabeba begi la mtumwa?" Wakasukumana, wakacheka. Ndivyo watani walivyo. Hata jeneza likiwa mbele yao watacheka.

Jumapili iliyofuata Mwalimu akatuita tena, wale wale wanane, meza ile ile. Akapakua chakula. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Sina ugomvi," akasema. "Umeya umepita. Nataka tu mtu aniambie nilimkosea nini. Aseme, tule."

Nilikuwa na nafasi. Loo, nilikuwa na nafasi! Angenisema sana, angelia, tungekula. Ninamjua yule mama, angenisamehe kabla sahani hazijaondolewa.

Badala yake nikaona macho yake yanazunguka meza yanakuja upande wangu, nikaogopa. Nikafungua mdomo wangu huu.

"Mimi simtaji mtu. Ila aliyekuwa anacheka na mshindi siku ile mlimwona wote. Na mimi nilikaa naye jirani, karatasi yake aliifunika kwa mkono."

Sote tulizifunika. Ni kura ya siri, nani asiyefunika? Lakini watu wenye uchungu hawaulizi maswali hayo.

Shija aliniangalia. Hakukasirika, alishangaa. "Dada," akasema, "dada yangu, unasema nini?" Nikainamisha kichwa kama mtu anayeona aibu kwa niaba yake. Ee Mungu wangu.

Mwalimu alisimama akaingia chumbani. Hakurudi.

Mambo yakaenda haraka. Mkewe Shija alikuwa kati ya mume na dada aliyemlea, na akamchagua dada. Akaondoka na watoto watatu. Madiwani wakamwita msaliti mbele na nyuma. Kwenye vikao hakuna aliyekaa karibu naye. Akaacha kuja. Ukikosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa, udiwani unakwisha, na wake ukaisha hivyo. Akarudi kwa mama yake Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Siku moja asubuhi akaanguka uani. Kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na maneno yakapotea.

Nilikwenda kumwona. Niliapa njia nzima kwamba leo nasema. Nikamkuta amelazwa mkekani kivulini, mama yake anamlisha uji kwa kijiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wabeja, asante sana. Wenzako wote wamemtupa, wewe peke yako umekuja."

Shija akaniangalia. Jicho moja likatoka machozi. Alikuwa anajua. Yeye alijua kura yake aliiweka wapi, na siku ile mezani alimsikia aliyedanganya. Alijua, na hakuwa na ulimi wa kusema. Mama yake akamfuta, akasema, "Amefurahi kukuona."

Nikanywa chai yao nikaondoka.

Alifariki kabla mwezi haujaisha. Msibani walikuwepo wote: Mwalimu Kabula, mjane na watoto, madiwani, hata yule mtani wake, meya, ambaye kwa mara ya kwanza hakutania. Alilia tu. Wakati wa salamu za rambirambi mshereheshaji akasema madiwani wateue mtu wa kuzungumza. Wakaniteua mimi. Nilikwenda kumwona, nina mdomo.

Nikasimama na kipaza sauti mkononi. Jeneza hapa, mama yake pale, Mwalimu kainamia chini. Sentensi moja tu ingetosha. Ingemrudishia Shija jina lake mbele ya watu waliomnyang'anya, na watoto wake wangekua wanajua baba yao hakuwa msaliti.

Nikasema, "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Kama aliteleza, tumsamehe, sote tu binadamu."

Nikasema tumsamehe! Mimi! Na watu wakaitikia amina.

Wewe unayesoma, pengine ni diwani, pengine ni mjumbe wa kikundi cha kuweka na kukopa, pengine ni mzee wa kanisa. Ukiona kinyongo kinakushika mkono mbele ya karatasi ya kura, weka kalamu chini. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, wakikutukana wakutukane. Usimpe mwenzako mzigo ukidhani utakuja kumtua baadaye. Mimi hata sasa nimeandika bila jina.

Mama yake Shija hunipigia simu karibu kila wiki. Ananishukuru kwa kumuombea mwanawe msamaha.