Mikono Kwapani

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Edmonton, London, alikuwa Mwairishi, mjane, mkali wa maneno, na alinipenda kwa sababu nilimjibu. Kila nikimwogesha alinisimulia skuli ya kijijini kwao: chumba kimoja, msalaba ukutani, na kila mtoto na bonge lake la udongo mkavu wa kuchoma, mchango wa moto wa darasani. Padri alipokaribia kuja kuwauliza katekisimu, mwalimu aliwauliza kwanza yeye, fimbo mkononi. Aliyekosa jibu alichapwa viganjani.

"Ndiyo maana tulitembea mikono kwapani," aliniambia. "Kiganja cha baridi kinauma zaidi. Njia nzima tunavipasha moto."

Mpaka uzee ule, kengele ya mlango ikilia, mikono yake ilikwenda kwapani. Nilikuwa nikimcheka.

Siku moja na mimi nikamsimulia chuo chetu cha Kurani Unguja, na jinsi nilivyompeleka binti yangu kwa maalim mmoja aliyesomesha Kurani nyumbani kwake, karibu na kwetu hapa London. Nilimkabidhi kama mama yangu alivyonikabidhi mimi: nyama yako, mifupa yangu; yaani mchape utakavyo, usimvunje tu. Maalim alicheka, nami nikacheka. Ilikuwa desturi tu. Nani angeyashika maneno hayo huku?

Mzee hakucheka. Aliniomba nimfasirie tena, polepole.

"Mama yangu naye alimwambia mwalimu asinihurumie," akasema. "Mwanao anapenda kwenda?"

"Halalamiki."

"Na sisi hatukulalamika."

Nilikasirika, wallahi. Nilimfunga vifungo vya shati kwa nguvu, nikijisemea huyu mzee chuki zake na mapadri wake asiniletee mimi. Lakini swali lake nilipanda nalo basi, nikapika nalo, na usingizi wa wiki ile haukuwa usingizi.

Jumamosi kulikuwa na joto la Julai, madirisha yote wazi. Binti yangu alisimama mlangoni, mtandio kichwani, mkoba wa juzuu begani, akinisubiri nimpeleke chuoni. Mikono yake ilikuwa kwapani.

"Una nini, mwanangu?"

"Nothing, Mama. I'm just cold."

Eti baridi, kwa joto lile. Nilipiga magoti mbele yake, nikaitoa mikono ile taratibu, mmoja baada ya mwingine. Akakunja ngumi nisione.